Lafudhi ya Mombasa kwa siku kumi: mwongozo wa mwigizaji wa bara asiye na hela za mwalimu

Ujumbe huingia saa nne usiku. Uhusika ni wa mwanamke wa Mji wa Kale, Mombasa, mwenye umri wa miaka 35, muuza leso. Chini kabisa kuna mstari mmoja: lafudhi ya Pwani ni lazima. Odisheni ni baada ya siku kumi. Una kurasa mbili za skripti, na hela ulizo nazo kwenye simu ni za kukufikisha mwisho wa mwezi tu. Mwalimu wa lafudhi humwezi.

Nimewahi kuwa hapo. Nimezaliwa Nyeri, Kiswahili nilikisoma shuleni nikapata A, na bado mara ya kwanza nilipoitwa kuigiza mtu wa Mombasa nilisimama mbele ya jopo nikavuta maneno kama wachekeshaji wanavyofanya: "yakheee", "wallaaahi", mkono kiunoni. Joponi alikuwamo mama mmoja mzaliwa wa Kisauni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Huyu ni nani? Mimi simjui." Sikupata kazi, na swali lile nilirudi nalo nyumbani. Nilikuwa nimeiga mzaha uliotungwa kuhusu watu, wala hapakuwa na mtu yeyote ndani yake.

Yote nitakayoeleza hapa yametoka kwenye swali hilo. Tafuta mtu mmoja wa kweli, ujifunze kinywa chake. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, na kwa maoni yangu hata mwenye hela angeanzia hapo.

Kwanza, jua ni Mombasa ipi

Mswahili wa Mji wa Kale ambaye wazee wake ni wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, hasemi sawa na Mgiriama wa Kisauni, wala Mdigo wa Likoni, wala kijana wa Changamwe ambaye wazazi wake walitoka Machakos kuja kufanya kazi bandarini. Wote ni watu wa Mombasa. Waswahili wenyewe pia hawana kinywa kimoja: Lamu kuna Kiamu, Vanga na Wasini kuna Kivumba, Mombasa kuna Kimvita. Ukichanganya Kiamu na Kimvita katika sentensi moja, mtazamaji wa Nairobi huenda asihisi kitu, lakini aliyelelewa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, atakujua kabla hujamaliza salamu.

Na ile A ya shuleni usiitegemee sana. Mkutano uliochagua lahaja ya kusanifisha ulifanyika Mombasa mwaka 1928, lakini lahaja iliyochaguliwa ni Kiunguja cha Zanzibar. Kiswahili cha kitabuni tulichofunzwa kimejengwa juu ya kinywa cha kisiwa kingine. Unaweza kukisema bila kosa hata moja na bado usisikike kama mtu wa Mombasa.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, mwandikie anayesimamia odisheni ujumbe mfupi wa heshima wenye maswali mawili. Je, mhusika amezaliwa na kukulia Mji wa Kale au amehamia? Na je, mnataka Kimvita chenyewe, pamoja na maneno yake, au mnataka lafudhi tu juu ya Kiswahili kilichoandikwa kwenye skripti? Swali la pili ndilo zito. Lahaja hubadilisha maneno na sarufi, lafudhi hubadilisha namna unavyoyatamka yale yale. Ni kazi mbili, na siku kumi hazitoshi kuzifanya zote kwa ukamilifu. Wasipokujibu, chukua lafudhi, maneno uyaache kama yalivyoandikwa.

Pili, tafuta kinywa kimoja

Anza na vya bure, siku ya kwanza na ya pili. Redio za Mombasa zinasikika kwenye intaneti: Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam. Tafuta vipindi ambavyo wasikilizaji hupiga simu. Mtangazaji amefunzwa sauti ya studio, na pengine ametoka bara kama wewe, lakini yule mama anayepiga simu kulalamikia maji hakujiandaa. Hiyo ndiyo sauti unayoitaka.

YouTube ina mazungumzo ya wazee wenye Kimvita kilichokomaa. Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, amehojiwa mara nyingi, na kumsikiliza yeye ni kusikia konsonanti zikiwa kila moja mahali pake. Lakini kumbuka huyo ni mzee, msomi na mshairi. Muuza leso wa miaka 35 hatapumzika mahali anapopumzika yeye. Taarabu nayo, kama ya Juma Bhalo, itakufaa kwa matamshi ya konsonanti, ila usichukue mwendo wa sauti kutoka humo, kwa kuwa mwendo huo ni wa wimbo, na mtu haagizi samaki kwa mahadhi.

Halafu tafuta mtu hai. Kama una nauli, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, yaani 3,000 kwenda na kurudi, na kushinda siku moja sokoni Marikiti na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ni sawa na wiki nzima ya simu. Kama huna, kaa Nairobi. Watu wa Mombasa wamejaa: wanafunzi vyuoni, wapishi wa vyakula vya Kiswahili, makondakta wa mabasi ya Pwani, jirani wa ghorofa ya tatu. Mtafute aliye karibu na mhusika wako kwa umri, kwa jinsia na kwa mtaa.

Mimi nilimpata South C, mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, mzaliwa wa Kibokoni. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataka mangapi?"

Nikanunua manne, nikasubiri wateja wapungue, nikamweleza ukweli wote: mimi ni mwigizaji, nimepewa uhusika wa mtu wa kwenu, nataka nijifunze kusema vizuri. Akafuta mikono kwenye leso, akanitazama.

"Sasa wewe wataka kusema kama mimi, au wataka kuniteka?"

Nikaduwaa. Nimteke vipi? Akauona uso wangu, akarudia neno polepole, ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu: kuteka. Kucheka! Alikuwa akiniuliza kama nataka kumcheka. Ndani ya sentensi moja alinipa t ya meno, alinipa ile "wataka" isiyo na "una", na alinipa onyo ambalo nilistahili. Nikamwambia, "Sitakucheka, mama." Asubuhi tisa zilizofuata nilikuwa pale saa kumi na mbili na nusu.

Yako mambo matatu ya kuzingatia na mtu wako. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, mwambie rekodi ni ya masikio yako tu, na usiitume kwa yeyote. Mlipe kwa kitu: nunua biashara yake, msaidie mtoto wake kazi ya shule, mbebee mzigo. Na usimpe skripti aisome. Hili nililijua baada ya kupoteza siku mbili. Mtu akisoma karatasi hurudi darasani, sauti ikanyooka, lafudhi ikajificha. Mpe hali badala ya maneno: "Mama, tuseme mteja amekukopa leso nne miezi miwili, leo amepita mbele ya duka akijifanya hakuoni. Utamwambiaje?" Washa kinasa sauti cha simu, nyamaza. Dakika tatu za hapo zina thamani kuliko skripti nzima ikisomwa.

Kisha muulize namna ya kufanya jambo analolijua kwa mikono. Wangu alinieleza mahamri tangu kukanda unga kwa tui la nazi, hiliki na hamira, mpaka mafuta yanavyotakiwa kuwa. Mtu anapoeleza kazi yake haangalii anavyosema.

Tatu, sauti zenyewe

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi zaidi, siku ya tatu hadi ya sita. Chukua skripti na kalamu za rangi, uhesabu. Ni mara ngapi kuna gh? Kh? Dh? Ni wapi p, t na k zinaanza neno? Sauti inayojirudia zaidi ndiyo ya kuanza nayo. Nne zilizokaa sawasawa zinatosha. Kumi za kubahatisha zitakuangusha zote.

Kabla ya kutafuta sauti ngeni, pekua lugha ya mama yako. Sisi Wakikuyu hujiona hatuna gh wala dh, tukasema "gali" na "zahabu", ilhali zote mbili tumezaliwa nazo. Sema *gũthoma*, yaani kusoma, kama nyanya yako anavyolisema. Ile g ya mwanzo ndiyo gh ya "ghali", na ile th ya katikati ndiyo dh ya "dhahabu". Sema *gũthoma*, kisha papo hapo "ghali", "dhahabu", "ghafla", "dhambi", bila kubadilisha kinywa. Mjaluo naye ana th katika *thuol*, nyoka, na dh katika *dhako*, mwanamke. Niligundua hili nikiwa ndani ya matatu, nikawa natamka *gũthoma* mpaka jirani akageuka kunitazama. Kwa mwaka mzima nilikuwa natafuta nje kitu kilichokuwa kinywani mwangu.

Kama lugha yako haina, jifunze hivi. Kwa gh, anza kama unasema g lakini usiubane ulimi ukaziba kabisa nyuma ya kinywa, acha hewa ipenye ikiwa na mtetemo. Weka kidole kooni: gh hutetemesha, kh haitetemeshi. Kwa th na dh, ncha ya ulimi ikae kati ya meno. "Thamani" na "thelathini" hazina mtetemo, "dhahabu" na "dhambi" zina.

Tahadhari kuhusu kh. Mwanafunzi akiijua huimwaga kila mahali. "Sabalkheri" na "masalkheri" zinaitaka, na wazee wengi watasema "khabari". Lakini "hapa", "huyu" na "hewa" haziihitaji kabisa. Hata maneno yenye asili ya Kiarabu hayafanani: haki, halali na hesabu hubaki na h yao. Mtu akisema "khaki yangu" amejifichua. Unaposhindwa kuamua, tumia h ya kawaida. Hakuna atakayekushtaki.

Sasa pumzi. Kimvita kinatenganisha p, t, k na ch zinazotoka na pumzi na zile zinazotoka kavu, na tofauti hiyo hubeba maana. Paa la nyumba ni kavu, paa mnyama wa porini ana pumzi. Kaa la moto ni kavu, kaa wa baharini ana pumzi. Chukua ganda jembamba la kitunguu au kipande cha karatasi ya risiti, kishike mbele ya midomo upana wa vidole viwili. Sema "paa la nyumba": karatasi isitikisike. Sema "paa anakimbia": karatasi iruke. Rudia mpaka karatasi itii. Halafu mwombe mtu wako akutamkie maneno ya skripti yako yanayoanza na herufi hizo, uyawekee alama ndogo juu yale yenye pumzi. Usikisie mwenyewe, maana maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hii na kamusi nyingi huipita.

T ya meno umeshaiona. Mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina ch, Kimvita kina t, na ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu: mato kwa macho, kitwa kwa kichwa, mtele kwa mchele, mtanga kwa mchanga. Hili ni suala la lahaja, kwa hiyo kama skripti imeandika "macho", sema macho. Vijana wengi wa Mombasa leo watasema hivyo hivyo.

Ya mwisho ni m inayosimama peke yake. Wengi wetu wa bara huitilia u: "mutu", "muke", "mukate". Piga makofi: m-ka-te ni makofi matatu, na kofi la kwanza ni la m, midomo ikiwa imefungwa. Hali kadhalika "ni" ikitangulia "ta" au "na" hupungua ikabaki n: "n'takuja", "n'nakwambia". Zoezi hili ni dogo na linabadilisha usemi wote, kwa sababu linagusa karibu kila sentensi.

Na wanaochanganya r na l, hilo mnalijua, mnajua pia dawa yake. Dakika tano kila asubuhi, jozi kwa jozi, mbele ya kioo: kura na kula, mahari na mahali.

Nne, maneno

Ukiruhusiwa kugusa skripti, haya ndiyo ya kwanza. "Unataka nini?" huwa "wataka nini?" "Unatoka wapi?" huwa "watoka wapi?" "Anakuja" huwa "yuwaja". "Amekwenda" huweza kubaki "mekwenda". "Njoo" ni "ndoo", na "njia" ni "ndia". Vitu navyo vina majina ya mahali: mwanamke huyu huuza leso, na ukisema khanga umemvusha mpaka Zanzibar. Asubuhi hula mahamri.

Usiporuhusiwa, usiguse. Nimewaona waigizaji wakimwaga "yakhe" na "ati" katika kila mstari ili jopo lijue ni Pwani. Katika dakika ishirini nilizomrekodi yule mama, hakusema "yakhe" hata mara moja. Alisema "mwanangu" mara kumi na moja. Rekodi yako itakwambia ukweli ambao kumbukumbu yako haina.

Tano, mwendo wa sauti

Mkazo hauna shida, sote tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachotofautiana ni namna sauti inavyopanda na kushuka katika sentensi, inapokaa, inapokimbia. Hilo siwezi kukuandikia. Naweza tu kukupa njia ya kulikamata.

Katika rekodi zako chagua sekunde arobaini, ambazo mtu wako amekolea katika kusema. Zisikilize ukiwa na hedifoni, macho umefumba, mara tano bila kufanya lolote. Kisha zifuate kwa kuvumisha tu, midomo imefungwa, mmm-mm-mmmm, ukipanda anapopanda na kunyamaza anaponyamaza. Jirekodi ukivumisha. Weka mivumo miwili sambamba usikie ni wapi umepotea. Mara nyingi utakuta unashuka mapema mno mwisho wa sentensi, au huvuti pumzi mahali anapovuta yeye.

Mvumo ukikaa, rudisha maneno. Sema pamoja naye kama kivuli, nusu sekunde nyuma. Kama kipande kiko YouTube, punguza kasi hadi 0.75 kwa siku ya kwanza tu, kwa sababu ukizoea polepole utajifunza mwendo usio wa mtu yeyote. Na kama ni video, itazame mara moja bila sauti: taya linafunguka kiasi gani, midomo inajikunja vipi, kichwa kinasaidiaje maneno. Sauti hukaa katika uso mzima.

Mpaka hapo hujagusa skripti kwa sauti. Najua inauma. Lakini ukiisema skripti mapema, utaikariri kwa lafudhi yako mwenyewe, na kuing'oa baadaye ni kazi ngumu kuliko kuipanda. Isome kimya, ielewe, jiulize mhusika anataka nini. Mdomo usubiri hadi siku ya saba.

Sita, ingiza skripti

Siku ya saba, andika upya kila mstari wa mhusika wako kwa mkono, kama sikio linavyousikia: n'takwambia, gh umepigia mstari, p yenye pumzi ina alama yake, mshale pale sauti inapopanda. Kurasa mbili huchukua kama saa moja na nusu. Kisha jifunze kutoka karatasi hiyo, ile iliyochapwa uiweke kando.

Tafuta pia sentensi ya kuingilia. Chukua moja ambayo mtu wako aliisema kweli, fupi, yenye sauti zako nyingi, uifanye mlango. Yangu ilikuwa "Haya mwanangu, ndoo ukae." Kila nilipopotea katikati ya mazoezi nilisimama, nikaisema, nikamsikia yeye, nikaendelea.

Siku ya nane toka na lafudhi nje ya skripti. Pika huku ukieleza unachopika. Mpigie rafiki simu na mzungumze dakika kumi juu ya mambo ya kawaida ukiwa ndani ya kinywa kile. Jopo huweza kukwambia, "Tupe kitu kisichoandikwa," au mwelekezi akabadilisha hali papo hapo, na lafudhi iliyofungwa kwenye mistari kumi na miwili itakufa hapo hapo. Usiende sokoni kuwadanganya watu kuwa umetoka Mombasa. Kama lazima ufanye na mgeni, mwambie mwishoni.

Siku ya tisa ni ya hisia. Sema mistari yote ukinong'ona, kisha ukiwa na hasira, kisha ukicheka, kisha ukizuia machozi. Lafudhi hukimbia hasira ikipanda, na Nyeri yangu ilirudi kila nilipopaza sauti. Jirekodi, uandike ni neno gani lililoanguka. Kwa kawaida ni mawili au matatu, yale yale. Yafanyie kazi hayo, uyaache mengine. Ikifika pahali ukalazimika kuchagua kati ya gh sahihi na machozi ya kweli, chagua machozi. Jopo linamtafuta mtu kwanza.

Siku hiyo hiyo mpelekee mtu wako skripti, sasa ndipo. Mwigizie pale pale alipo, hata kama ni kando ya karai la mafuta, umwombe akuambie jambo moja tu lililomkera. Mama yule alinisikiliza, akageuza mahamri, akasema: "Hapo pa 'ghali' pazuri. Lakini wewe wamkasirikia huyu mteja mapema. Sisi hatukasiriki mapema hivyo. Mwanzo wamuuliza hali." Nikabadilisha mwanzo wote wa onyesho: nikamsalimu mdeni, nikamuuliza watoto, na deni likaja baada ya tabasamu. Ushauri huo haukuhusu sauti, na ndio uliobeba odisheni.

Siku yenyewe

Ukiitwa ana kwa ana, fika mapema, kunywa maji ya uvuguvugu, fanya zoezi la karatasi na makofi ya m uani au ngazini. Wasalimie wanajopo kwa sauti yako. Wengine hushauri uingie na lafudhi tangu mlangoni, lakini mimi naona ni bora wakujue wewe, kisha wamwone yule mwingine akitokea. Kabla ya kuanza, sema sentensi yako ya kuingilia chini kwa chini, pumua, anza. Ukiulizwa umetoka wapi, sema ukweli.

Ikiwa ni video ya kujirekodi, sauti ndiyo adui yako mkubwa. Simu ikiwa mbali, th na dh hupotea; ikiwa karibu mno mbele ya mdomo, pumzi ya p hugeuka kishindo. Funga madirisha, tundika blanketi nyuma ya simu na lingine pembeni, weka simu usawa wa macho kiasi cha mkono mmoja na nusu, kidogo upande wa mdomo badala ya mbele kabisa. Rekodi sekunde kumi, sikiliza ukiwa na hedifoni, hususan "dhahabu" na "thelathini". Zikisikika, endelea. Usirudie zaidi ya mara tano: ya sita na kuendelea mdomo huchoka na lafudhi huanza kuchora badala ya kusema.

Na usiiache siku ya kumi na moja. Wakikupenda watakuita tena, mara nyingi wakiwa na kurasa mpya, na hiyo huweza kuwa wiki mbili baadaye. Dakika kumi kila asubuhi zatosha kuiweka hai: mvumo wa sekunde arobaini, sentensi ya kuingilia, kisha gazeti la siku hiyo, habari moja, kwa sauti. Mimi nilifanya hivyo siku kumi na saba mpaka simu ikalia, na kila siku kati ya hizo nilipita South C kununua mahamri manne.